Hazina ya Afrika Mashariki: Kwa nini mageuzi yake yanamhusu mkulima wa Sotik

JUMUIYA ya Afrika Mashariki, ambayo kwa kifupi huitwa EAC, ina nchi wanachama 8, bajeti moja ya pamoja na kiwango kimoja cha ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya kanda. Kwa miaka mingi wakuu wake wamekuwa wakivutana kuhusu maswali mawili: nani alipe kiasi gani, na nani aamue sera ambazo wote wanapaswa kuzifuata.

Huenda mkazi wa Sotik, katika Kaunti ya Bomet, akadhani kwamba mvutano huo ni wa mawaziri na mabalozi wanaokutana Arusha. Dhana hiyo si sahihi. Majani chai anayochuma, maziwa anayoyapeleka kiwandani na mahindi anayonunua ghala lake linapokauka, vyote huguswa na maamuzi ya Jumuiya hiyo, au na kushindwa kwake kuamua.

Sotik ni mji ulio kando ya barabara itokayo Kericho kuelekea Kisii. Umezungukwa na mashamba makubwa ya chai pamoja na maelfu ya mashamba madogo, na una kiwanda cha maziwa cha New KCC. Ukifuata barabara hiyo hadi Kisii, kisha Migori, utafika Isebania, ambako Kenya inapakana na Tanzania. Hivyo soko la kanda haliko mbali na mlango wa mkulima huyo.

Ili kuelewa mageuzi yanayozungumzwa, ni muhimu kurejelea historia, kwani hii si mara ya kwanza kwa Afrika Mashariki kuwa na hazina ya pamoja.

Mfuko wa zamani

Ushirikiano rasmi wa Kenya, Uganda na Tanganyika katika huduma za pamoja ulianza kuratibiwa na Tume Kuu ya Afrika Mashariki mnamo 1948, chini ya utawala wa Waingereza. Mnamo 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, nafasi ya tume hiyo ilichukuliwa na Shirika la Huduma za Pamoja la Afrika Mashariki.

Hata katika siku hizo, malalamiko kuhusu mgawanyo wa faida yalikuwa makali. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, hasa Nairobi, nazo Uganda na Tanganyika zilihisi kwamba zimegeuzwa soko la bidhaa za jirani.

Tume iliyoongozwa na Sir Jeremy Raisman iliwasilisha suluhisho lake mnamo 1961. Ilipendekeza kuwepo kwa mfuko wa pamoja utakaopokea asilimia 6 ya mapato ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato iliyotozwa kampuni za viwanda na za fedha.

Nusu ya fedha hizo ilikusudiwa kugharimia huduma za pamoja, na nusu iliyosalia igawanywe sawa kwa nchi 3. Kwa kuwa Kenya ndiyo iliyochangia zaidi, mgawanyo huo ulikuwa njia ya kuwafidia majirani zake.

Mnamo Juni 6, 1967, marais Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia saini mkataba wa kuunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa Desemba 1 mwaka huo. Mfuko wa Raisman uliondolewa. Badala yake, Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi maalumu baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka nchi iliyozizidi kibiashara, ili viwanda vyao vichanga vipate kukua.

Aidha, Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliundwa na kuelekezwa kuwekeza asilimia 38.75 ya fedha zake Tanzania, kiasi kama hicho Uganda, na asilimia 22.5 pekee Kenya. Makao makuu ya mashirika nayo yaligawanywa: reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na Jumuiya yenyewe Arusha.

Mpango huo haukudumu. Mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda mnamo 1971 yaliwatenganisha viongozi, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Siasa za kiuchumi za Kenya na Tanzania zilizidi kuachana, na mashirika ya pamoja yakaanza kuzozania fedha zilizokusanywa nchi moja bila kupelekwa makao makuu yaliyo nchi nyingine.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo nchi wanachama hazikuwa zimeafikiana kuhusu bajeti ya mwaka wa fedha uliofuata, na Jumuiya ikasambaratika. Mpaka ulifunguliwa tena mnamo 1983.

Kugawana mali na madeni kulichukua muda mrefu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aliongoza mazungumzo yaliyokamilika kwa makubaliano ya Mei 14, 1984, ambapo Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Nchini Tanzania, waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya hiyo waliendelea kudai mafao yao kwa miongo kadhaa baadaye.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Muungano unaoshindwa kukubaliana juu ya fedha huvunjika, na mzigo wake huwaangukia watu wadogo.

Mkataba wa 1999 na usawa wa michango

Jumuiya ya sasa ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mnamo Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 7, 2000. Wanachama waanzilishi walikuwa Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zilijiunga mnamo 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024.

Waasisi wake walikumbuka vyema yaliyotokea 1977. Ili pasiwepo nchi itakayojiona kubwa kuliko nyingine, Kifungu cha 132 cha mkataba kiliweka kwamba bajeti igharimiwe kwa michango iliyo sawa kutoka kwa kila nchi, pamoja na misaada na mapato mengine yatakayoamuliwa na Baraza la Mawaziri.

Usawa huo ulifaa nchi 3 ambazo uchumi wao haukutofautiana mno. Hali ilibadilika jinsi wanachama walivyoongezeka. Leo wastani wa pato la Mkenya kwa mwaka ni takribani dola 2,000 za Marekani, ilhali la Mrundi halifiki dola 400. Sudan Kusini imepitia miaka ya vita, na Somalia imekuwa ikijenga upya taasisi zake za serikali baada ya miongo ya machafuko.

Katika miaka ya hivi karibuni mchango wa kila nchi kwa bajeti hiyo umekuwa takribani dola milioni 7 kwa mwaka. Kwa Kenya, yenye bajeti ya taifa inayozidi Sh4 trilioni, kiasi hicho ni kidogo. Kwa nchi inayoshindwa kuwalipa watumishi wake kwa wakati, ni mzigo.

Matokeo yake ni malimbikizo ya madeni yaliyofikia makumi ya mamilioni ya dola. Vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kuahirishwa kwa ukosefu wa fedha, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pamoja na sekretarieti zimelazimika kupunguza shughuli.

Mkataba unatoa nafasi ya kuiadhibu nchi isiyotimiza wajibu wake. Kifungu cha 143 kinaeleza kuwa nchi hiyo itachukuliwa hatua itakazoamua Mkutano wa Wakuu wa Nchi kwa pendekezo la Baraza la Mawaziri. Hata hivyo, wakuu hao huamua kwa maafikiano, na mdaiwa ni mmoja wao. Ni vigumu kumwadhibu mtu ambaye kauli yake inahitajika katika hukumu yake mwenyewe.

Bajeti ndogo kuliko inavyodhaniwa

Wengi hudhani kwamba Jumuiya inatumia fedha nyingi mno. Ukweli ni kwamba bajeti yake ya mwaka wa fedha wa 2024/25 ilikuwa takribani dola milioni 113, yaani kama Sh14.5 bilioni kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo.

Kaunti ya Bomet pekee imekuwa ikipokea karibu Sh7 bilioni kwa mwaka kutoka kwa hazina ya kitaifa kama mgao wake. Kwa maneno mengine, Jumuiya yenye watu zaidi ya milioni 300 huendeshwa kwa fedha zinazokaribiana na mgao wa kaunti 2 zilizo kama Bomet.

Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa wafadhili. Hata jumba la makao makuu mjini Arusha, lililofunguliwa mnamo 2012, lilijengwa kwa msaada wa Ujerumani. Miradi mingi ya forodha, afya na Ziwa Victoria imetegemea wahisani wa Ulaya na kwingineko. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na pindi wahisani wanapopunguza misaada, mipango ya kanda hukwama.

Utaratibu wa kuipitisha bajeti yenyewe ni huu: Baraza la Mawaziri huiwasilisha kwa Bunge la Afrika Mashariki, ambalo lina wabunge 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi. Wabunge huijadili na kupitisha mswada wa matumizi, kisha wakuu wa nchi huridhia. Bunge hilo haliwezi kutoza kodi hata senti moja. Linapitisha matumizi ya fedha ambazo ukusanyaji wake uko mikononi mwa hazina 8 tofauti.

Chai ya Sotik na mchele wa Pakistan

Bajeti ni upande mmoja wa suala hili. Upande wa pili ni sera za pamoja, na hapa ndipo Sotik inapoingia waziwazi.

Muungano wa Forodha ulianza Januari 1, 2005. Nchi wanachama zilikubaliana kuwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya kanda zisitozwe ushuru zikivuka mipaka yake. Bidhaa kutoka nje ziliwekewa viwango 3: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na zilizo tayari kwa matumizi asilimia 25. Kiwango cha nne cha asilimia 35 kiliongezwa Julai 1, 2022.

Kando na viwango hivyo, kuna orodha ya bidhaa nyeti zinazolindwa zaidi. Maziwa yamewekewa asilimia 60, mahindi 50, mchele 75 na sukari 100.

Hata hivyo, kila mwaka kabla ya bajeti za Juni, mawaziri wa fedha hukutana na kuruhusu nchi moja moja kujiondoa kwa muda katika viwango hivyo. Ruhusa hizo zimekuwa nyingi kiasi kwamba ushuru unaoitwa wa pamoja una sura tofauti katika kila nchi.

Mfano ulio karibu na wakulima wa chai ni mchele. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiomba kutoza mchele wa kigeni asilimia 35 badala ya 75. Sababu mojawapo ni kwamba Pakistan, inayouza mchele huo, ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya. Kuiongezea Pakistan ushuru wa mchele kungehatarisha soko la chai inayotoka Kericho, Bomet, Nandi na kwingineko.

Uamuzi huo humfaa mkulima wa Sotik. Lakini mkulima wa mpunga wa Mwea nchini Kenya, au wa Mbeya nchini Tanzania, huuona kuwa dhuluma, maana mchele wake hushindana na wa kigeni ulioingia kwa ushuru nafuu. Mgala muue na haki umpe: wote wawili wana hoja, na kila sera ya pamoja ina anayenufaika na anayeumia. Kinachokosekana ni njia ya kumfidia anayeumia, kama vile mfuko wa Raisman ulivyojaribu kufanya.

Mnada wa Mombasa ni mfano mwingine. Mnada huo ulianzia Nairobi mnamo 1956 na kuhamia Mombasa mnamo 1969. Huuza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kongo na mataifa mengine ya Afrika, na bei yake hutajwa kwa dola.

Julai 2021, bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo iliwekwa kwa chai ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kwa nia njema ya kumkinga mkulima. Majirani hawakuwekewa bei hiyo. Wanunuzi walipoona kwamba chai ya nchi nyingine inapatikana kwa bei nafuu katika mnada uo huo, shehena za Kenya zisizopata mnunuzi zikarundikana kwenye maghala. Viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, ambavyo chai yake kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko ya mashariki, viliathirika zaidi. Bei hiyo iliondolewa mnamo 2024.

Tanzania nayo ilianzisha mnada wake wa chai jijini Dar es Salaam mnamo Novemba 2023. Ni haki yake kufanya hivyo. Lakini hatua hizo mbili zinaonyesha kwamba nchi zinazouza zao moja kwa wanunuzi walewale hazina sera moja ya kuliuza.

Maziwa, mahindi na mipaka inayofungwa

Kuhusu maziwa, mkulima wa Sotik hutazama upande mwingine. Uganda huzalisha maziwa kwa gharama ya chini, hasa katika eneo la Mbarara kusini-magharibi, ambako ng'ombe hulishwa malishoni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maziwa hayo yakiingia Kenya bila ushuru, wanunuzi hufurahia bei nafuu, ilhali wafugaji wa Bomet na Kericho hulalamika kuwa kiwanda kinapunguza bei au kinachelewesha malipo.

Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maafisa wa Kenya walinasa shehena za maziwa kutoka Uganda. Baadhi ya maafisa walitilia shaka kama maziwa hayo yote yalizalishwa nchini humo, dai ambalo Uganda ilikanusha. Machi 2023, Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga. Kila mara mzozo ulitatuliwa kwa ziara za mawaziri na mazungumzo ya marais, wala si kwa uamuzi wa taasisi ya Jumuiya.

Mahindi yalipata misukosuko kama hiyo. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa madai ya kuwa na sumu ya aflatoksini. Baada ya siku chache marufuku hiyo ililegezwa na masharti kuwekwa. Malori yaliyokwama mpakani yalikuwa yamepata hasara tayari.

Tanzania iliwahi kuteketeza vifaranga 6,400 vya kuku vilivyoingizwa kutoka Kenya mnamo 2017. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022. Julai 2025, Tanzania iliwazuia wageni kufanya biashara ndogondogo za aina 15, hatua iliyozua malalamiko nchini Kenya kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inatoa haki ya raia wa kanda kuanzisha biashara katika nchi yoyote mwanachama.

Bunge la Afrika Mashariki limekwisha kupitisha sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya ushuru. Tatizo ni kwamba hakuna chombo chenye nguvu na fedha za kuisimamia. Mfanyabiashara mdogo ana utaratibu rahisi wa kupitisha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti cha asili ya bidhaa kinachotolewa papo hapo mpakani, lakini wengi hawaufahamu.

Bomet yenyewe ilitoa ushahidi wa kwa nini sera ya pamoja inahitajika. Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja uligunduliwa eneo la Longisa, katika Bomet. Majani hukauka, na mhindi hubaki bila punje. Katika kipindi cha miaka 2 ugonjwa huo ulikuwa umeripotiwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Wadudu walioueneza hawakusimama Isebania kugongewa muhuri.

Kupambana na maradhi kama hayo kunahitaji maabara, wakaguzi wa mbegu na taarifa zinazosambazwa haraka, na mambo hayo yote yanahitaji fedha. Jumuiya isiyoweza kugharimia vikao vya wabunge wake haiwezi kutarajiwa kugharimia wakaguzi wa mbegu.

Mapendekezo yaliyoko

Mapendekezo ya mageuzi yamekuwepo kwa zaidi ya mwongo mmoja, na yanaweza kugawanywa katika mafungu 3.

Fungu la kwanza ni fomula mseto. Katika pendekezo moja lililojadiliwa na Baraza la Mawaziri, asilimia 65 ya michango ingelipwa kwa usawa na asilimia 35 kwa kuzingatia wastani wa pato la kila mwananchi katika miaka 5 iliyotangulia. Nchi yenye uwezo zaidi ingelipa zaidi kidogo, bila kuondoa kabisa msingi wa usawa.

Wakenya wanaifahamu hesabu ya aina hii. Katika fomula ya tatu ya kugawa fedha za kaunti, iliyoidhinishwa na Seneti Septemba 2020 baada ya vikao vingi vya mabishano, asilimia 20 ya fedha iligawanywa sawa kwa kaunti zote 47, na zilizosalia zikazingatia idadi ya watu, afya, kilimo, umaskini na vigezo vingine. Tofauti ni kwamba kaunti hugawana kinachotolewa, ilhali nchi za Jumuiya hugawana kinachodaiwa.

Wanaoipinga fomula hiyo huuliza: je, anayelipa zaidi hatadai sauti kubwa zaidi, nafasi nyingi za ajira Arusha, au kura yenye uzito? Swali hilo ni la haki.

Fungu la pili ni tozo ya moja kwa moja kwa bidhaa zinazotoka nje ya kanda. Pendekezo la kutenga asilimia 1 ya thamani ya bidhaa hizo limewahi kujadiliwa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika Magharibi, Ecowas, hutumia tozo ya asilimia 0.5, nao Umoja wa Afrika uliamua jijini Kigali mnamo 2016 kutoza asilimia 0.2. Ubora wa njia hii ni kuwa fedha hazingoji hisani ya waziri yeyote. Kasoro yake ni kwamba nchi inayoagiza bidhaa nyingi hubeba mzigo mkubwa, na mamlaka za kodi za kitaifa zinaweza kuzizuia fedha hizo. Ecowas yenyewe imewahi kulalamikia wanachama wanaokusanya tozo bila kuiwasilisha.

Fungu la tatu ni kuhusu maamuzi. Wapo wanaotaka baadhi ya mambo yaamuliwe kwa wingi wa kura badala ya kungoja kila nchi ikubali, na mahakama ya Arusha iwe na kauli ya mwisho katika mizozo ya biashara.

Mageuzi haya yana uzito zaidi kwa sababu ya sarafu ya pamoja. Itifaki yake ilitiwa saini Kampala mnamo Novemba 30, 2013, na lengo lilikuwa ianze kutumika mnamo 2024. Muda huo ulipita, na lengo likasogezwa hadi 2031. Ni vigumu kwa nchi zisizokubaliana juu ya ada ya uanachama kukubaliana juu ya shilingi moja.

Yaliyowapata Wazungu

Umoja wa Ulaya hutajwa mara kwa mara kama kielelezo, lakini nao ulipitia mabishano marefu. Bajeti yake hupata fedha kutoka kwa ushuru wa forodha, ambapo tangu 2021 nchi wanachama hubaki na asilimia 25 kama gharama ya ukusanyaji, kutoka kwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani, na kutoka kwa michango inayolingana na pato la kila taifa.

Katika miaka ya 1980 mapema, takribani theluthi mbili ya bajeti hiyo iliishia katika kilimo. Wakulima walihakikishiwa bei, wakazalisha kupita kiasi, na maghala yakajaa siagi na maziwa ya unga yasiyo na wanunuzi. Mnamo 1984 kila nchi iliwekewa kikomo cha maziwa. Mwaka huohuo, Uingereza chini ya Margaret Thatcher ilipata nafuu ya michango yake kwa hoja kwamba inalipa zaidi ya inachopata.

Mageuzi ya 1992 yaliyoongozwa na kamishna Ray MacSharry wa Ireland yalipunguza bei za kuhakikishiwa na kuanza kumlipa mkulima moja kwa moja. Sehemu ya kilimo katika bajeti ilishuka hatua kwa hatua hadi kufikia takribani theluthi moja. Kikomo cha maziwa kiliondolewa Machi 31, 2015, na bei ikaporomoka katika miezi iliyofuata.

Pamoja na hayo yote, Uingereza iliondoka Januari 31, 2020, na hoja ya michango ilikuwa miongoni mwa zilizopigiwa debe katika kura ya maoni ya 2016. Kwa hivyo fomula nzuri pekee haitoshi. Raia wasipoona faida ya fedha zao, huitilia shaka fomula yoyote.

Mambo ya kuangaliwa

Kwa mkulima wa Sotik, mageuzi ya Jumuiya yatapimwa kwa mambo machache. Mosi, je, marufuku ya ghafla mipakani yatakoma, ili anayeuza na anayenunua wajue sheria kabla ya msimu? Pili, je, ruhusa za kujiondoa katika ushuru wa pamoja zitatolewa kwa uwazi, huku wanaoumizwa nazo wakisikizwa? Tatu, je, nchi zinazouza chai Mombasa zitashauriana kabla mmoja wao hajabadilisha masharti ya soko?

Nne, na huenda ndilo zito zaidi, je, hesabu za Jumuiya zitawekwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma kwa lugha anayoifahamu? Mnamo 2021 wakuu wa nchi walikifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, lakini nyaraka zake nyingi za bajeti bado huandikwa kwa Kiingereza.

Mali bila daftari huisha bila habari. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka ambao bajeti yake haikuidhinishwa. Ya pili imeshaishi muda mrefu zaidi kuliko ile, na ina watu wengi mara kadhaa. Iwapo wanachama wake watakubaliana namna ya kulipia nyumba yao, mfugaji na mkulima wa Sotik watakuwa na soko linalotabirika. Wasipokubaliana, ataendelea kusikia redioni asubuhi kwamba mpaka umefungwa, baada ya ng'ombe kukamuliwa.